Nyuzi Ishirini na Moja

Kufikia saa sita mchana, Desmond Ogden alikuwa amefungua kidirisha cha paa mara tano na kukifunga mara sita. Hesabu hiyo haina kosa: mara moja alikifunga kikiwa kimefungwa tayari, kwa sababu hakuiamini mikono yake.

Ilikuwa Aprili, na anayeijua Aprili ya Clitheroe, kaskazini mwa Uingereza, hatamcheka. Jua linatoka juu ya mlima wa Pendle, watu wanavua masweta, na kabla sweta halijafika kwenye kiti mvua ya mawe inashuka. Chumba cha vioo kilicho nyuma ya nyumba ya Desmond kilipokea yote hayo bila kubagua. Jua likikaa dakika kumi, mle ndani ungeweza kukaushia nguo. Wingu likipita, unaona pumzi yako. Wenzake wengi mtaani hukaa kwenye vyumba vyao vya vioo mwezi Mei na mwezi Septemba, na miezi mingine huweka humo baiskeli na magunia ya viazi. Desmond hakuwa na anasa hiyo, maana mke wake aliishi humo.

Thelma alikuwa na ugonjwa wa neva, mwaka wa kumi na moja sasa. Joto likimpanda mwilini, miguu inalegea, macho yanaingia ukungu, na ulimi unakuwa mzito mpaka anasikika kama mlevi. Baridi ikimshika, misuli inakakamaa, na kuinyoosha ni kazi ya machozi. Alichohitaji ni nyuzi joto ishirini na moja, zikizidi sana ishirini na tatu. Ili azipate, Desmond alikuwa na mapazia ya paa, hita moja, feni mbili, fimbo ndefu yenye ndoano ya kufungulia kidirisha, na vipimajoto vitatu ambavyo havikuwahi kukubaliana hata siku moja. Sebuleni kungekuwa rahisi zaidi, lakini sebule ilitazama ukuta wa jirani. Kupitia vioo Thelma aliona bustani yake, shomoro, na mbwa wa wapita njia ya nyuma wakikojolea maua yake.

"Niache niwaone hao mbwa," alisema siku Desmond alipomshauri ahamie ndani. "Angalau wao wanafanya wanachotaka."

Siku hii alimtazama mumewe akizunguka kiti chake cha magurudumu na fimbo mkononi.

"Des, kaa chini."

"Nakaa."

"Umesema hivyo tangu wakati wa uji."

"Kuna wingu linakuja, mke wangu. Nikikaa nitasimama tena."

"Basi ndivyo watu wanavyofanya, bwana. Wanakaa, kisha wanasimama. Wewe umechagua nusu moja."

Desmond hakucheka. Mwili wake ulikuwa umegoma. Alikuwa na miaka sabini na minne, na kumwinua mke kwa miaka kumi na moja kulikuwa kumemwachia ngiri iliyotokeza kinenani kama yai. Daktari alimwambia waziwazi kwamba utumbo ukinasa humo hataletwa hospitali kwa miadi, ataletwa kwa king'ora. Mara mbili alipangiwa siku ya kupasuliwa, na mara mbili akaahirisha, akisingizia mafua. Juzi wakampigia tena. Mgonjwa mmoja amejitoa, nafasi ipo Jumanne: siku tatu wodini, kwa kuwa moyo wake nao ni wa kuangaliwa, kisha wiki sita asinyanyue wala kuvuta kitu. Jibu walilitaka Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni. Akikataa mara ya tatu, jina lake linatolewa kwenye orodha. Ijumaa yenyewe ndiyo ilikuwa hii.

Suala la kumwinua Thelma lilikuwa na ufumbuzi, kwani wasaidizi wangekuja asubuhi na jioni. Tatizo lilikuwa saa za katikati. Makao ya wazee walishayajaribu kwa wiki moja. Kule vyumba huchemshwa mpaka nyuzi ishirini na sita usiku na mchana, na Thelma alirudi hawezi kushika kijiko. Akabaki Muriel Pickup.

Muriel alikuwa mjane wa upande wa pili wa ua, karani wa shule mstaafu, jirani yao kwa miaka ishirini na sita. Muda wote huo mazungumzo yao yalikuwa juu ya hali ya hewa na siku ya kutoa mapipa ya taka. Mwezi uliopita alisimama kwenye ua akasema, "Desmond, kama kuna lolote naweza kusaidia, ukiona nafaa." Desmond akamshukuru sana, akamwambia asijisumbue. Muriel akarudia wiki iliyofuata, akashukuriwa tena. Mara ya tatu Thelma alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake, "Anafaa!" Hivyo ndivyo ilivyopangwa kwamba leo, Desmond akienda hospitali kupimwa kabla ya upasuaji, Muriel akae na Thelma kwa saa mbili. Akiweza leo, Desmond angesema ndiyo. Thelma alimwapisha kwa hilo.

Muriel alifika saa saba na nusu na keki ya tangawizi mikononi, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Jamani, siwasumbui?"

"Hata kidogo," alisema Desmond. "Sisi ndio tunakusumbua wewe."

"Hapana, hapana. Mimi ndiye nimekuja kuwasumbua."

"Mkimaliza kusumbuana," alisema Thelma, "mmoja wenu afunge mlango. Upepo unaingia."

Desmond akampa Muriel maelezo, karatasi mbili zilizoandikwa huku na huku kwa mwandiko mzuri. Aliyahangaikia siku mbili nzima. Akamwonyesha kidirisha, mapazia, hita, feni, vipimajoto, na kile cha kati, ambacho ndicho husema kweli siku ya jua. Wakati huo mvua ya mawe ilianza kupiga paa kwa kelele za ajabu, na nyuzi zikashuka hadi kumi na sita. Desmond akafunga kidirisha na madirisha, akawasha hita, akavuta mapazia ili mwanga uingie, akamfunika Thelma blanketi, akalitoa, akalirudisha.

"Utachelewa," alisema Thelma.

"Naenda." Alifika mlangoni akageuka. "Muriel, usijisumbue sana na mambo ya humu. Ikibidi tu."

"Wala usiwe na wasiwasi," alisema Muriel, akakaa kwenye ncha ya kiti cha henzirani kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili.

Hospitali ilikuwa mji wa pili, mwendo wa dakika ishirini na tano. Muuguzi mmoja mchangamfu alimfunga Desmond ule mkanda wa presha.

"Legeza mkono, babu."

"Umelegea."

"Huu? Huu ni ubao wa dari." Akasoma namba, akakunja uso. "Umekuja mbio?"

Desmond hakumsikia. Kwenye shingo yake alihisi joto. Wingu lilikuwa limepasuka, na jua lilimwagika sakafuni mpaka kwenye viatu vyake.

"Dirisha hili linatazama wapi?" aliuliza.

"Kusini, nadhani. Kwa nini?"

Chumba chake cha vioo nacho kilitazama kusini. Alihesabu dakika. Hita aliiacha inawaka, mapazia wazi, kidirisha kimefungwa. Lakini yote yalikuwa kwenye karatasi, alijiambia, ukurasa wa kwanza, juu kabisa. Dakika kumi zilipita na jua halikusogea. Aliomba ruhusa, akatoka kwenye ujia, akapiga simu ya nyumbani. Ililia mpaka ikakata. Akapiga tena, ikalia vilevile. Sasa roho ilikuwa juu juu, na kwenye ule ujia alianza kutembea huku na huko mpaka mzee mmoja mwenye magongo akamwambia anamtia kizunguzungu.

"Bado kipimo cha moyo," alisema muuguzi.

"Nitakifanya Jumanne. Nikija."

"Kama utakuja, uwaambie ofisini kabla ya saa kumi na moja. Wana wengine wanaoisubiri hiyo nafasi."

Barabara ya kurudi ilikuwa na trekta mbele na jua juu. Desmond alimtukana mwenye trekta maneno ambayo hajayatumia tangu ujana, vioo vya gari vikiwa vimefungwa, ili yule mtu asiyasikie.

Alipoingia nyumbani alikwenda moja kwa moja nyuma, viatu vya nje miguuni. Alipofungua mlango wa chumba cha vioo, joto lilimpiga usoni kama la tanuri la mkate. Hita ilikuwa bado inanguruma. Kipimajoto cha kati kilisoma nyuzi thelathini na saba. Muriel alikuwa pale pale kwenye ncha ya kiti, mwekundu kama nyanya, jasho likimchuruzika hadi kidevuni, koti limefungwa shingoni, na mkononi kikombe cha chai ya moto. Thelma alikuwa ameinamia upande mmoja, mdomo wazi.

"Thelma!"

"Ni… ko sa… wa," alisema Thelma. Maneno yalitoka yakiburuzika.

Desmond akazima hita kwa teke. Akanyakua fimbo, akafungua kidirisha cha paa, akaufungua wote mlango wa bustani, na madirisha yote, akashusha mapazia, akakimbilia jikoni, akarudi na taulo zilizolowa maji baridi. Moja akamwekea mkewe shingoni, moja kichwani, mbili kwenye viganja. Ngiri ilimchoma, akauma meno. Muriel alisimama katikati, kikombe bado mkononi, akikwepa kila alipopitwa, akisema, "Samahani. Samahani. Oh, samahani."

Ilichukua nusu saa. Kwanza vidole vya Thelma vilijikunja, kisha macho yakatulia mahali pamoja, kisha akaomba maji kwa sauti iliyoanza kufanana na yake. Hapo ndipo Desmond alipomgeukia Muriel.

"Hita!" alisema. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, lakini sasa aliipaza. "Jua lote lile, na hita inawaka! Na wewe umekaa na koti!"

"Ningelivua mngeona nalalamika," alisema Muriel, machozi yakichanganyika na jasho. "Sikutaka mdhani chumba chenu kina joto."

"Nilikuandikia! Si nilikuandikia kila kitu?"

Muriel akatoa zile karatasi kwenye mfuko wa koti. Alikuwa amezikunja vizuri mara nne. Akasoma kwa sauti ya karani wa shule, akivuta pumzi katikati. "'Jua likitoka, labda ungependa kufikiria kufungua kidirisha cha paa kidogo, kama haikupi taabu. Hita nayo inaweza kuzimwa ukiona inafaa, ila usijali sana.'" Akainua macho. "Nilifikiria, Desmond. Nilifikiria saa nzima. Nikajiuliza, mimi ni nani katika nyumba ya watu hata nione inafaa? Halafu ulisema mlangoni nisijisumbue."

"Na simu?"

"Niliisikia. Lakini si simu yangu."

Desmond aligeuza taulo kwenye shingo ya mkewe.

"Nilimuuliza Thelma," aliendelea Muriel. "Mara nne nilimuuliza kama yuko sawa."

"Ni kweli aliniuliza," alisema Thelma polepole. "Na mimi nikamjibu niko sawa, asante, na wewe je? Mara nne, huku namwona kama watu wawili. Nikajisemea, mtu amekuja na keki yake, amejitolea, nitaanzaje kumwagiza zima hiki, fungua kile, kama mfanyakazi?" Akameza maji. "Niliogopa, Des. Mwisho nilitaka kusema na ulimi ukakataa. Nilikuwa nakufa kwa adabu."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika ishirini.

Desmond alijifuta mikono kwenye suruali. "Basi," alisema. "Sasa tumejua. Ngoja niwapigie hao watu wa hospitali, wampe mwingine nafasi."

"Kaa chini," alisema Thelma.

"Thelma, umejiona ulivyokuwa?"

"Nilikuwa ndani yangu, nimejiona vizuri kuliko wewe. Kaa chini."

"Siwezi kukuacha siku tatu na… Samahani, Muriel, lakini siwezi. Sasa hivi tu ungekuwa marehemu."

"Na huo utumbo wako ukinasa? Utanifunguliaje dirisha ukiwa kaburini?" Sauti yake ilikuwa bado nzito, lakini macho yalikuwa makali kabisa. "Niambie kitu kimoja, Des, na useme kweli. Unachoogopa ni nini? Kwamba nitashindwa bila wewe, au kwamba nitaweza?"

Desmond akakaa. Hakuwa amepanga kukaa, akajikuta kwenye kiti cha henzirani alichonunua mwenyewe na ambacho hakujua kukikalia kukoje. Alihisi aibu, na chini ya aibu alihisi hasira, kwa sababu swali lile lilikuwa limempata pale pale.

Juu ya Pendle mawingu yalikuwa yamejikusanya tena. Mwanga ulififia chumbani kama mtu amezima taa, na upepo ukaingia kupitia yote aliyoyafungua. Desmond aliona nywele za mkewe zikipeperuka, akashika mikono ya kiti ili asimame.

"Wewe kaa," alisema Thelma. "Muriel. Funga kidirisha cha paa."

"Kama ungependa, mpenzi, naweza kujaribu ku…"

"Sikusema ningependa. Nimesema funga."

Muriel alimtazama kana kwamba amepigwa kofi. Kisha akaweka kikombe chini, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akalitupa kitini. Chini yake alikuwa na blauzi iliyolowa mgongo mzima. Akachukua fimbo. Ndoano ilikwaruza kioo, ikakosa pete, ikakosa tena. Desmond alikuwa nusu amesimama.

"Zungusha kushoto, halafu uvu…"

"Mwache," alisema Thelma.

Alikaa. Hakujua mikono aiweke wapi, akaikalia. Mara ya tano ndoano ikanasa, Muriel akavuta, na kidirisha kikafunga kwa kishindo kilichomfanya Desmond afumbe macho. Alipoyafumbua kioo kilikuwa kizima.

"Madirisha ya pembeni," alisema Thelma. Muriel akayafunga. "Mapazia ya paa, yafungue." Akavuta kamba isiyo yenyewe, yakashuka zaidi, akatamka neno dogo ambalo makarani wa shule hawalitamki, akavuta nyingine, yakapanda.

"Na hita?" aliuliza, akihema.

"Wewe unaonaje?"

Nadhani Muriel hakuwa ameulizwa swali hilo ndani ya nyumba ya mtu mwingine tangu azaliwe. Akatazama kipimajoto cha kati, akatazama sakafu.

"Naona bado," alisema. "Ubaridi wenyewe hautoki juu. Unatoka kwenye mlango wa bustani."

"Mlango huo haufungwi wote," alisema Desmond haraka. "Huwa nauacha wazi kidogo, kiasi cha ngumi mbili, hewa izunguke. Siku zote nauacha hivyo."

"Upepo wake unampiga magotini," alisema Muriel. Hakurudi nyuma. "Nimesimama karibu yake tangu uufungue na miguu yangu imeganda. Yeye anakaa hapo kutwa." Na bila kuomba radhi kwa mtu akaenda akaufunga mpaka kitasa kikalia.

Desmond alimgeukia mkewe amkatalie Muriel kwa niaba yake. Thelma alikuwa anatazama blanketi lililokuwa magotini.

"Thelma?"

"Ni kweli," alisema.

"Ni kweli nini?"

"Magoti. Huwa yanapata baridi. Upepo wa ule mlango."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Des."

"Miaka kumi na moja? Na hukusema?"

"Ulikuwa unajitahidi mno," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ililegea bila kosa la joto. "Ningekuambiaje?"

Desmond alimtazama mke wake, ambaye alidhani anamjua mpaka nyuzi za mwisho. Miaka yote hiyo ya kupanda na kushuka, vipimajoto vitatu, na hakuwahi kumuuliza kwa namna ambayo angeweza kujibiwa. Wala Thelma hakuwahi kujibu. Wote wawili walikuwa wameoneana haya ndani ya chumba ambacho kila mpita njia aliweza kuona ndani yake.

Alisimama, na safari hii hakuna aliyemwambia akae. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika nane. Alikwenda jikoni, akapiga simu, akangoja. Mwanamke wa ofisi alipopokea, Desmond alitaja jina lake na namba yake ya mgonjwa.

"Jumanne nitakuja," alisema.

"Vizuri sana, Bwana Ogden. Na nyumbani? Hapa imeandikwa una mke anayehitaji uangalizi. Amepata mtu?"

Kule nyuma mvua ya mawe ilikuwa imeanza tena. Kupitia kelele zake alimsikia Thelma akisema, "Sasa iwashe," na Muriel akijibu, "Subiri kwanza, mama, nikufunike miguu," na Thelma akisema blanketi si hilo, lile jingine, na Muriel akisema hili ndilo zito.

"Amepata," alisema Desmond.

Akaweka simu chini, akaegemeza paji la uso kwenye mlango wa kabati, akalia. Kisu cha daktari hakikumtisha hata kidogo. Alilia kwa ajili ya yale magoti.